Vidole Viwili Kwenye Usukani

Kifungua mimba wa mkunga alikuja na maneno yake ameshayapanga, kama kawaida yake anapokuja kujadili jambo ambalo ameshaliamua. Alikaa kwenye kiti cha marehemu baba yake, akakataa chai, kisha akaikubali, akaitazama sebule nzima isipokuwa uso wa mama yake. Mama akajua kuna jambo. Mtu aliyewapokea watoto wa nusu ya mji hashindwi kumsoma wa kwake mwenyewe.

"Mama, lile gari."

"Limefanya nini?"

"Linatetemeka."

"Najua. Nalikalia mimi, silisikii kwa majirani."

"Watu wanasema si gari linalotetemeka." Akakohoa kikohozi kisichokuwa na mafua. "Wanasema ni mikono yako."

Mkono wa kushoto wa mkunga ulikuwa umekishika kikombe kwa nguvu kuliko kikombe chenyewe kilivyohitaji. Hakukiweka chini. Akamtazama mwanawe mpaka mwanawe akaanza kusoma maua ya kitambaa cha meza.

Maneno hayo aliyajua yametoka wapi. Juma lililopita alimpeleka kliniki jirani yake mjamzito, kama alivyowapeleka wengi tangu alipostaafu, na kwenye barabara iliyonyooka usukani ukaanza kutikisika mpaka vioo vya pembeni vikaonyesha barabara mbili. Jirani alishuka akiwa mzima, lakini mdomo wake ndio ulioshuka wa kwanza. Jioni ile mtaa mzima ukawa na habari kwamba gari la mkunga lina homa, na wenye maneno zaidi wakasema mwenye homa ni mkunga.

Lilikuwa gari la zamani, lenye pua ndefu na taa za mviringo, usukani wake mwembamba na mpana kama ungo. Marehemu ndiye aliyelinunua, lakini mkunga ndiye aliyelizeesha. Alijifunza kuliendesha wakati mwanamke akishika usukani watu wanaacha kazi zao watazame atagonga nini. Hakugonga kitu. Wakarudi kwenye kazi zao wakiwa wamenuna.

"Nimempata mtu," kifungua mimba akaendelea. "Ana hoteli. Anataka aliweke bustanini, pale langoni. Watatoa injini, boneti iachwe wazi, ndani yapandwe maua. Wageni watapiga picha."

"Maua."

"Litatunzwa, mama. Litapakwa rangi kila mwaka."

"Na mimi je? Mmenichagulia rangi gani?"

Kifungua mimba akajibu kwa sauti ile anayotumia ofisini kwake kwa wateja wakaidi. Mwezi uliopita alilichukua yeye mwenyewe, akalipeleka kwa fundi wa barabara kuu. Fundi akaona usukani umelegea, akaukaza, akasema sasa ni mzima. Na bado mama akiliendesha linatetemeka. Kama gari limeshatengenezwa, kilichobaki ni nini?

Hesabu yake ilikuwa sawa, na hilo ndilo lililomuudhi mkunga zaidi. Mtoto mjinga unamfokea mambo yakaisha. Mtoto mwenye hoja anakulazimisha ufikiri.

"Nisikilize," akasema. "Nitalipeleka kwa fundi ninayemtaka mimi. Akishalitengeneza, utakaa pembeni yangu tukaliendeshe. Likitetemeka mikononi mwangu, ufunguo nitakupa mwenyewe, nawe ukapande bustani yako. Lisipotetemeka, usinitajie maua tena mpaka siku ya kaburi langu."

Kijana akakubali haraka mno. Alikuwa na hakika.

Alipoondoka, mkunga akakiweka kikombe mezani na kuuachia mkono. Ukaanza. Vidole vya kushoto vikawa vinachezacheza juu ya kitambaa kana kwamba vinahesabu kitu ambacho mwenye vidole haambiwi. Ulikuwa umeanza tangu mvua zilizopita, na hakumwambia mtu.

"Tulia, wewe," akaukaripia.

Haukutulia. Akakaa akiutazama, na akaogopa. Mbele ya mwanawe alisimama kidete, lakini ukweli ni kwamba hata yeye hakujua ni lipi linalotetemeka, yeye au gari.

Karakana aliyoitaka ilikuwa uani, nyuma ya duka la mbao, na mwenyewe aliitwa Kinyume. Jina hilo alipewa na mkunga, kwa sababu alikuja duniani ametanguliza miguu na akawatoa watu wazima jasho kabla hajakubali kuonyesha uso. Hakubadilika. Mpaka leo ukifika karakana yake, kinachokupokea ni miguu miwili iliyochomoza chini ya gari la mtu.

"Kinyume!"

Miguu ikashtuka. "Shikamoo, mama mkunga," ikasema.

"Marahaba. Toka huko. Na safari hii utoke mwenyewe, sikuvuti."

Akatoka akicheka, jitu la mabega mapana, mikono myeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko. Hakugusa gari. Kwanza aliuliza, na mkunga akapenda hilo, maana hata yeye hakuwahi kumgusa mgonjwa kabla ya kumuuliza.

"Linatetemeka lini?"

"Nikifika themanini. Nikipunguza linatulia."

"Ukikanyaga breki linazidi?"

"Halizidi."

"Kwenye mashimo?"

"Kuna kitu kinagonga kwa adabu. Kama mgeni anayebisha hodi huku hataki kusikika."

Kinyume akaguna. Kifungua mimba, aliyekuja na viatu vyake vya ofisini akavisimamisha juu ya kipande cha boksi, akatazama saa.

Siku ile Kinyume alianza na magurudumu, kwa kuwa mtetemo wa mwendo kasi mara nyingi hutoka huko. Akaliinua gari kwa jeki, akalisimamisha juu ya stendi, akazungusha gurudumu moja moja. Rimu moja ya mbele ilikuwa imepinda ukingoni. Akainyoosha, akazisawazisha zote kwa vipande vidogo vya madini ya risasi, akashusha gari, akaingia. Kifungua mimba akaketi pembeni yake ili awe shahidi, wakatoka. Mkunga akabaki amekaa juu ya tairi kuukuu, mkoba wake mapajani, mkono wa kushoto ndani ya mkoba.

Waliporudi, mwanawe alishuka wa kwanza, na uso aliokuja nao ulikuwa mbaya kuliko wa ushindi. Ulikuwa wa huruma.

"Mama, tumefika themanini, tukapita. Limetulia kama maji mtungini." Akanyoosha kiganja polepole. "Akiendesha mwingine halitetemeki. Tumalize tu, mama."

Kinyume alikuwa amesimama kando anapangusa mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Hakumtazama.

Mkunga hakuinuka pale kwenye tairi. Ufunguo wa akiba ulikuwa mle mkobani, na vidole vinavyotetemeka vilikuwa vimeushika, akausikia ukilia taratibu kwenye pete yake. Ingekuwa rahisi kuutoa. Kila mtu angesema amefanya jambo la busara, na kuanzia kesho angekuwa bibi wa kusubiri kupelekwa, anayeuliza kila asubuhi nani ana nafasi. Kile kiganja bado kilikuwa kimenyooshwa. Akakitazama, na badala ya machozi zikampanda hasira, naye akazikaribisha.

"Kinyume, uliushikaje usukani?"

"Kawaida, mama."

"Nionyeshe hiyo kawaida."

Akaingia garini akaonyesha. Ngumi mbili kubwa zikaukamata usukani, misuli ya mikono ikasimama hadi mabegani.

"Huyo ni mwizi umemkamata?"

Kinyume akatazama ngumi zake.

"Ukikaba husikii kitu," mkunga akasema, tayari ameshasimama. "Ningekushika hivyo siku ile, leo ungekuwa unavaa kofia kuficha umbo la kichwa. Kichwa cha mtoto hukikabi. Unakiwekea vidole, kinakwambia kinakokwenda. Na gari hili nimeliendesha hivyohivyo maisha yangu yote, vidole viwili. Wewe umelinyonga lisiseme, halafu unaniletea habari kwamba limenyamaza."

 Kinyume akapiga paji la uso kwa kiganja, likabaki na alama ya grisi.

"Mama yuko sawa," akamwambia kifungua mimba. "Nimelizuia kwa nguvu bila kujua. Turudi barabarani."

"Na mimi nakaa nyuma," mkunga akasema.

Wakaenda watatu. Barabara iliponyooka Kinyume akaongeza mwendo, akaulegeza usukani, akabakiza vidole viwili. Sitini, kimya. Sabini, kimya, na mkunga nyuma akamwomba Mungu kwa maneno ambayo Mungu haombwi kwayo. Ilipokaribia themanini usukani ukaanza kucheza, kwanza kidogo, kisha kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka dashibodi ikagongana meno na kifungua mimba akashika mlango kwa mikono yote miwili.

"Shika! Mshike huyo!"

"Usishike, Kinyume!" mkunga akapaza sauti kutoka nyuma. "Mwache aseme!"

Kinyume akaondoa mguu kwenye mafuta, mtetemo ukafifia, gari likasimama pembeni. Mkunga alikuwa analia waziwazi, na alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameipata tangu mvua zile. Lilikuwa gari. Lilikuwa gari hilihili, zee la watu, na halikumsingizia.

"Haya," akamwambia mwanawe, "sasa mpigie mwenye hoteli umuulize maua yake yanapenda kutikiswa?"

Asubuhi ya pili gari lilikuwa juu ya stendi na Kinyume chini yake. Kupata ulegevu wa usukani, alieleza kupitia miguu, kunataka watu wawili. Mmoja autikise usukani kidogokidogo bila kuugeuza, mwingine apite na kiganja kwenye kila kiungo, kuanzia juu mpaka kwenye gurudumu, mpaka apakute mahali ambapo upande mmoja unakwenda na upande wa pili unachelewa. Macho hayapaoni. Mkono unapaona.

Mkunga akakaa kwenye usukani akatikisa. Huko chini Kinyume akacheka peke yake.

"Mama, natamani ungeshika hapa."

"Nakuja."

"Mama!" kifungua mimba akasema. "Chini ya gari? Na nguo hiyo?"

"Maisha yangu yote nimevaa damu za watu, leo niiogope grisi? Ingia wewe utikise."

Akalala juu ya ubao wa fundi wenye magurudumu, Kinyume akauvuta, akaingia chini kichwa kikitangulia, kama watu wenye adabu wanavyoingia duniani. Kinyume akamwongoza mkono wa kulia hadi mwisho wa fimbo ya chuma inayopeleka maagizo ya usukani kwenye gurudumu, ile mafundi wanayoiita tai rodi. Juu, mwanawe akatikisa. Mkunga akasikia kwenye vidole: fimbo ikaondoka, kichwa chake kikabaki kidogo, kisha kikaifuata kwa kugonga. Ndiye yule mgeni wa kubisha hodi.

"Kimechelewa," akasema.

"Kimekwisha. Sasa huku." Upande wa pili kulikuwa na mkono mfupi wa chuma ambao kazi yake ni kubeba tu ile mitambo ili isining'inie. Nao ulikuwa unapanda na kushuka mahali ambapo haukutakiwa hata kusogea. "Bushi yake, ile pete ya ndani, imelika. Hawa wawili wakishalegea, gurudumu linacheza linavyotaka. Na huko juu, kwenye sanduku la usukani, mtu ameikaza skrubu mpaka mwisho. Aliona ulegevu, akakaza pale alipofika bila kuinama. Mguu ndio unaouma, yeye kafunga bendeji kichwani."

Usukani huko juu ukaacha kutikiswa. Kifungua mimba alikuwa anasikia kila neno, na ni yeye aliyempelekea gari yule fundi wa barabara kuu, tena akamsifu.

"Na wewe mama usicheke sana," Kinyume akaongeza. "Juu umeling'arisha mpaka mtu anajiona meno. Huku chini limekufa kiu. Grisi halijaionja tangu mzee afariki."

Hilo likamchoma kidogo, maana ni kweli. Marehemu ndiye aliyekuwa akilala chini ya gari na bomba la grisi kila mwezi. Yeye alibaki na kitambaa na nta.

Akiwa bado amelala, mkono wake wa kushoto ukiwa kifuani hauna kazi, ukaanza. Hapakuwa na pa kuuficha. Uso wa Kinyume ulikuwa karibu na wake, na macho yake yakashuka moja kwa moja kwenye vile vidole. Mkunga akangoja aseme. Kinyume akachukua spana nzito akaiweka kwenye kiganja kile.

"Nishikie hii, mama."

Vidole vikaifumba, vikatulia.

"Kitu chenye nafasi hutetemeka," akasema kwa sauti ya chini, isiyofika juu. "Ukikipa mzigo, mara nyingine kinatulia. Lakini hata hicho lazima kikaguliwe."

"Nimekusikia," mkunga akajibu. "Sasa nitoe, mgongo unauma."

Kifungua mimba alikuwa ameapa kwamba vipuri vya gari kuukuu namna ile havipatikani tena. Kichwa cha tai rodi kilipatikana kwa muuza vyuma, kipya kabisa ndani ya karatasi yake ya mafuta, kimesahauliwa nyuma ya rafu. Bushi haikupatikana, kwa hiyo fundi wa mashine ya kuchonga akaikereza ya shaba. Kinyume akailegeza ile skrubu, akaipima upya, akasukuma grisi kwenye kila kiungo mpaka ile kongwe ikatoka nyeusi na mpya ikaifuata. Mwisho akafunga uzi kutoka nyuma hadi mbele, akayanyoosha magurudumu kwa kuutazama. Kiungo kilichokwisha akampa mkunga ndani ya gazeti, akakitia mkobani.

Siku ya ahadi, mama na mwana wakatoka wawili tu.  Mkunga aliendesha kama alivyoendesha siku zote, mgongo umenyooka, vidole viwili vya kila mkono kwenye ule usukani mwembamba. Barabara ikanyooka. Sitini. Sabini. Moyo wake ulikuwa unagonga kuliko kilivyowahi kugonga kiungo chochote. Themanini. Mwanawe hakuwa akitazama barabara, alikuwa akitazama mikono ya mama yake. Mkunga akaongeza kidogo, makusudi tu. Mkono wa kulia ulikuwa kimya, wa kushoto ulikuwa kimya, na usukani ulikuwa kimya.

Akapunguza mwendo akasimama pembeni ya barabara, injini ikinguruma taratibu.

"Umeshinda, mama," kijana akasema. "Nitampigia yule mtu."

Angeweza kuondoka pale na ushindi wake mzima, mkono ukiwa kwenye usukani na siri ikiwa ndani ya mkono. Lakini alikuwa amechoka kushika vikombe kwa nguvu. Akautoa mkono wa kushoto, akauweka pajani, kiganja juu, akauachia mbele ya macho yake. Ukaanza.

Kifungua mimba akautazama. 

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, mngenipandia maua."

 Midomo ya mwanawe ikacheza, mkunga akaona ni yuleyule wa miaka minne anayejizuia kulia, na akamwacha ajizuie, kwa sababu na yeye alikuwa anajizuia.

"Gari lilipotetemeka," akasema, "hukulikagua, ulilitafutia bustani. Mimi hutanifanya hivyo. Jumatatu utanipeleka hospitali, waushike mkono huu, wauulize maswali, kama Kinyume alivyouliza. Sitaki kuhukumiwa na mtu ambaye hajainama."

"Na ukianza kutetemeka juu ya usukani?"

"Nitakuletea ufunguo kwa miguu yangu mwenyewe. Lakini nitakuletea. Hutakuja kuuchukua."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akanyoosha kiganja kuushika ule mkono. Mkunga, ambaye alikuwa amekinyima kiganja hicho ufunguo mbele ya Kinyume, akafungua mkoba kwanza, akafunua gazeti, akamwekea ndani yake kile kiungo cheusi kilichokwisha. Kilikuwa kizito. Kijana alipokisogeza, kikagonga.

"Mpelekee mwenye hoteli," akasema. "Mwambie akipandie maua."

Akarudisha vidole viwili vya kushoto kwenye usukani, vikatulia, akatazama kioo cha pembeni. Kilikuwa na barabara moja tu. Akaingia barabarani.